Sindano Kabla ya Mfungo Mosi

Mimi naogopa sindano. Sisemi zinanikera, wala sisemi sizipendi tu, maana watu wazima wakiogopa kitu hutafuta neno la heshima la kukifunika. Naogopa. Siku ya chanjo shuleni kwetu Ilala, nikiwa mdogo, nilitorokea dirishani nikakimbia hadi nyumbani na kiatu kimoja, na mama akanirudisha saa ileile akiwa amenishika sikio. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu, manesi wa kliniki wakiniona getini walikuwa wanaitana. Mmoja ananishika mikono, mwingine ananisemesha habari za sokoni, wa tatu ndiye anayechoma. Uchungu wa kuzaa niliumudu. Sindano ya pepopunda nililia mpaka mume wangu akajifanya hanijui.

Basi bega langu la kulia likaja kuganda, na likachagua mwaka ambao binti yangu huyo huyo, mtoto wangu wa pekee, amechumbiwa.

Nauza khanga Kariakoo, jumla na rejareja. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ni ya kukaa kitini na kupunga upepo. Mteja wa khanga hanunui kitu kilichokunjwa. Unashika pindo, unaitupa khanga hewani, unaipandisha juu ya kichwa chako na kuitanua mikono miwili, aone pindo, aone mji wa katikati, asome jina, yale maneno yaliyoandikwa. Akitikisa kichwa unaikunja kabla haijashuka na kufungua nyingine. Na haigusi sakafu. Khanga mpya ikigusa sakafu mbele ya mteja, kwake imeshakuwa mtumba. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana dukani kwa mama yangu, na bila kujisifu, mtaa mzima hakuna aliyekuwa ananifikia.

Bega lilianza kwa kuuma nikilalia ubavu. Halafu likakataa kwenda nyuma, halafu likakataa kwenda juu. Nikawa sichani nywele. Mume wangu ndiye aliyenifunga sidiria kila asubuhi, akivuta na kukaza kama anafunga gunia la mchele, na ananiuliza kama linatosha. Dukani nikawa naonyesha khanga juu ya meza, nimezikunjua nusu, na wateja wanatazama kidogo, wanashukuru, wanaenda duka la pili.

Hospitali daktari alinipigisha picha, akanikagua kwa upole, akasema bega limeganda, hutokea kwa wanawake wa umri wangu, na litaachia lenyewe ingawa linaweza kuchukua muda mrefu. Kama nina haraka, akasema, kuna sindano ya kuchoma ndani ya kiungo. Nikamwambia sawa daktari, acha nimwite mume wangu yuko kwenye gari. Sisi hatuna gari, na mume wangu alikuwa kazini. Nilitoka nje nikaenda nyumbani.

Lakini haraka nilikuwa nayo, nayo ilikuwa hii. Katika ukoo wetu, bibi harusi akitoka chumbani kwenda kukabidhiwa kwa watu wa mumewe, hatoki kichwa wazi. Wanawake wanne wanashika khanga pembe nne juu yake kama paa, na anapita chini yake kutoka mlango wa chumba hadi kwenye gari, vigelegele vikimfuata. Pembe ya mbele kulia ni ya mama. Mama yangu alinishikia mimi. Bibi yangu alimshikia mama. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila ukiwauliza wanawake wa kwetu watakuambia kwamba mama asiyeshika pembe ni mama aliyefariki au aliyegoma.

Harusi ilipangwa Mfungo Mosi, mara baada ya Idi. Jioni moja, Shaabani ikielekea mwisho, binti yangu alikuwa ananisaidia kuvaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usijisumbue. Shangazi amesema atashika pembe yako. Wewe utatembea pembeni yangu tu."

Nilimwambia sawa mwanangu. Nikaingia bafuni nikafungua maji ili wasinisikie. Wifi yangu ni mtu mzuri na ana mikono mizuri, lakini si hiyo mikono iliyomwogesha mtoto yule, wala si hiyo iliyomsuka nywele mpaka akamaliza shule. Nilikuwa na wivu, nasema wazi. Nilikuwa na wivu na pembe ya khanga.

Aliyenitoa hapo ni jirani yangu wa duka. Ni mama wa Kilimanjaro, anauza masufuria na chupa za chai, na tumegawana ukuta mmoja kwa miaka mingi. Yeye Jumapili hafungui, mimi Ijumaa mchana nafunga kidogo, na kila mmoja humlindia mwenzake. Akicheka, masufuria yake yanaitikia. Nilipomweleza habari ya pembe, hakucheka.

"Shoga, kuna yule mama Mchina, juu ya ghorofa ile ya kona, upande wa Msimbazi," alisema. "Ananunuaga masufuria kwangu. Anatibu kwa sindano. Anakuchoma, zinakaa, anazitoa, unaenda zako. Mgongo wangu huu nani alinyoosha? Siyo yeye?"

"Zinakaa?"

"Zinakaa kidogo tu."

Nikamwambia ahsante, na kwamba mwezi wa Ramadhani uko mlangoni. Nilipoanza kufunga nikawa na sababu yangu safi kabisa. Kila aliponiuliza nilimjibu kwa huzuni kwamba nimefunga, jirani yangu, dawa wakati wa swaumu haifai, tuvute subira. Niliisema vizuri hata mimi mwenyewe nikaanza kuiamini.

Nilisahau kwamba nasema na Mchaga. Siku moja baada ya adhuhuri nilimwona anavuka barabara, amejitanda khanga niliyompa Krismasi, akaenda kusimama kwenye geti la msikiti wa mtaani kwetu. Watu wakatoka, naye akamsubiri imamu. Nikawaona wanaongea. Nikamwona jirani yangu anaonyesha bega, kisha anaonyesha kwa vidole kitu kirefu na chembamba, kisha anaonyesha duka langu. Imamu akatazama upande wangu. Akacheka mpaka akashika ndevu.

Alirudi ametokwa na jasho, amejaa furaha. "Amesema haiingii tumboni, siyo chakula, haikulishi kitu. Swaumu yako haina neno. Na amesema, mama, ukiogopa, sema unaogopa."

Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari. Wapagazi wakipita na marobota walikuwa wananiita, "Mama sindano, mambo?" na mimi nikiwajibu poa huku natamani ardhi inimeze. Binti yangu alipopata habari alinipigia simu akicheka, na kicheko chake kile ndicho kilichonipa mguu wa kwenda. Nilitaka kumsikia akicheka hivyo siku yake, na mimi nikiwa mahali pangu.

Mara ya kwanza hatukwenda kwa ajili yangu. Jirani alisema yeye ndiye atakayechomwa, mimi nikae nitazame. Tulipanda ngazi zilizojaa maboksi ya viatu. Mganga alikuwa mama wa rika letu, amefunga nywele kwa kibanio, na chumba chake kilinukia mafuta ya kuchua. Kiswahili chake alijifunzia sokoni, kwa hiyo kilikuwa hodari wa kubishana kuliko wa kubembeleza. Sindano zake nilizitazama kwa jicho la pembeni. Zilikuwa nyembamba sana, kila moja kwenye kifuko chake, na hazikuwa na bomba wala dawa ndani. Alimgonga jirani yangu moja mkononi, moja karibu na goti, tap, tap, kama mtu anayebandika stempu. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

Jirani yangu aliendelea kunisimulia habari za bei ya mchele. Sauti ikapungua. Kisha nikasikia anakoroma. Mwanamke amechomwa sindano na anakoroma, mdomo wazi, kama yuko kwake Jumapili mchana. Nilitazama kwa muda mrefu kifua chake kikipanda na kushuka, na kitu fulani ndani yangu kikalegea, ingawa nilimwambia mganga kwamba nitarudi siku nyingine. Akasema, "Wote wanasema hivyo mama. Kesho, mapema."

Kesho yake nilikwenda, jirani yangu ubavuni. Nilivaa gauni la mikono mipana makusudi, ili bega lifikike haraka na mambo yaishe. Mganga akanikalisha kitini, akanishika mkono na kuuinua mpaka ulipokwama, chini kidogo ya usawa wa bega, akatikisa kichwa. Kisha akaniambia nipandishe gauni nitoe mguu wa kushoto.

"Ninachoumwa ni bega," nikasema. "La kulia."

"Najua."

"Sasa mguu wa kushoto umekukosea nini?"

Akaeleza kwamba sindano inakaa hapa kwenye muundi, na ikiwa imekaa, mimi nitakuwa nauinua mkono polepole. Nikamgeukia jirani yangu nikitegemea ataona kwamba tunachezewa. Yeye akasema, "Kwani umeme ukikatika dukani kwako, fundi anapanda wapi? Si anapanda nguzo ya huko nje? Toa mguu, shoga."

Nikatoa mguu. Nikavua khanga yangu ya juu nikampa jirani aishike, nikamshika na yeye mkono uliobaki, nikafumba macho, na nikaanza kupiga kelele. Nilipiga kelele kweli, na watu wa chini walisikia, baadaye waliniambia. Nilipiga mpaka pumzi ikaniishia, na katika ukimya ule nikasikia sauti ya mganga, imetulia kabisa: "Bado mama. Ukimaliza, nitaanza."

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, na jirani naye akacheka, na tukiwa katika kicheko hicho nikasikia kitu kwenye mguu, si maumivu. Kilikuwa uzito, kama mguu unaotaka kufa ganzi ukabadili mawazo. Nikafumbua jicho moja. Ilikuwa imesimama pale kwenye muundi wangu, nyembamba, inatikisika kidogo kwa sababu mimi nilikuwa bado nacheka. Niliitazama na nikashangaa. Nimetumia maisha yangu yote kukimbia kitu hiki?

Akaniambia niinue mkono. Nikauinua mpaka pale pake pa siku zote, ukakwama. Akasema tena. Ukakwama tena. Akasema nisilazimishe, nivute pumzi, yeye akawa anaizungusha sindano taratibu kwa vidole viwili. Mwanga wa matumaini niliokuwa nao ukaanza kufifia. Nilimfikiria wifi yangu na mikono yake mizuri.

Hapo ndipo mlango wa pazia ulipofunguka. Mzee mmoja wa kanzu, mgonjwa wa zamu iliyofuata, alisema hodi na kuingia kwa pamoja, bila kungoja karibu. Na mimi nimekaa, gauni juu ya goti, mguu mtupu umenyooshwa mbele, mchana wa Ramadhani.

Jirani yangu si Mwislamu, lakini ameishi nasi vya kutosha kujua mwanamke anavyositiriwa. Hakuwaza. Aliikunjua khanga yangu na kuirusha iufunike mguu. Mganga akapiga ukelele, "Hapana! Sindano!" Mzee akafunika uso kwa kofia yake. Na khanga ikawa hewani, imefunguka yote, inataka kupita juu yangu na kwenda kutua kwenye sakafu nyuma ya kiti.

Mikono yangu miwili ilikwenda kuidaka. Yote miwili. Sikuituma. Ilikwenda kama inavyokwenda dukani, juu ya kichwa, ikashika pindo huku na huku, ikaitanua.

Mimi nilikuwa nimekaa na khanga imefunguka juu yangu, mtu angeingia pale angedhani nauza. Halafu maumivu yakafika, yamechelewa kama mgeni wa Ilala aliyepitia Mnazi Mmoja kusalimia watu, na mkono ukashuka. Lakini ulikuwa umekwenda. Mganga alikuwa ameshika kifua. "Mama," akasema, "mkono!" Jirani yangu alianza kumwita Yesu, mimi nikawa namshukuru Mungu wangu, na mzee, bado kofia usoni, akauliza kama anaweza kutoka sasa. Tulicheka mpaka nikaogopa kwamba swaumu yenyewe itanishitaki. Sindano ilikuwa bado imesimama palepale mguuni, wala sikuwa naikumbuka.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba nilipona siku ile. Usiku bega liliuma sana, na asubuhi mkono ulikuwa umerudi karibu na pale pake. Mganga alisema ndivyo ilivyo, bega limekumbushwa njia, sasa lizoezwe. Kwa hiyo nilirudi, na nikarudi tena, katika mfungo wote. Nilizoea kutoa mguu mwenyewe. Mara nyingine alinichoma na begani, nikamtazama akifanya. Kelele sikupiga tena, ingawa mganga alikuwa ananitania, anasimama na sindano mkononi na kuniuliza kama leo sina wimbo. Dukani, kabla ya kufungua, nilisimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole kama mjusi, na jirani upande wa pili anagonga ukuta huohuo kuuliza nimefika wapi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani, wateja wa Idi walipojaa, nilimfungulia bibi mmoja wa Msasani doti nzima juu ya kichwa changu. Akanunua. Nilipomkabidhi mfuko nilikuwa nimejawa machozi, akadhani nimefiwa.

Mkono ulikuwa unapanda mpaka juu ya utosi wangu kidogo, si zaidi. Nilipima mbele ya kioo nikiwa na khanga, na nikajiambia inatosha, maana mimi na binti yangu tuko kimo kimoja. Nikamwita wifi yangu nikamshukuru, nikamwambia pembe yangu nitashika mwenyewe, yeye ashike ya kushoto. Alinikumbatia bila kinyongo, na mimi nikaona aibu kwa yote niliyokuwa nimemfikiria. Za nyuma tulimpa mdogo wangu na jirani yangu wa masufuria. Shangazi mmoja wa upande wa mume alinong'ona kwamba yule si mtu wa ukoo, nami nikamwambia aje aniambie kwa sauti. Hakuja.

Siku ilifika. Nyumba ilinukia udi na pilau. Tulisimama wanne nje ya mlango wa chumba, khanga imeshakunjuliwa, wanawake ukumbini wameanza vigelegele, na mlango ukafunguliwa.

Binti yangu alikuwa mrefu kuliko mimi.

Viatu. Sikuwa nimewaza habari ya viatu. Alikuwa amevaa vya kisigino kirefu, na juu ya kichwa wamemtengenezea nywele na shela mpaka kimo chake kikawa cha mtu mwingine. Wenzangu watatu wakainua pembe zao bila shida. Yangu iligusa shela na kuivuta upande. Aliniona nikijaribu. Aliniona uso wangu, maana alinijua miezi yote ile, na akaanza kukunja magoti kidogo ili apite chini ya mkono wangu, hivyo hivyo amejiinamisha, siku yake mwenyewe.

"Simama wima," nikamwambia.

"Mama, bega."

"Simama wima, mwanangu. Mimi ndiye nitakayekufikia."

Nikapanda kwenye vidole vya miguu, nikavuta pumzi, nikausukuma mkono kupita pale nilipopima kwenye kioo, na kupita hapo tena. Uliuma, na ulikwenda. Khanga ikanyooka sawasawa juu yake pembe zote nne, naye akasimama wima, akacheka kile kicheko chake, na tukaanza kutembea. Tulipita ukumbini, tukapita baraza, tukashuka ngazi ndogo ya uani ambapo jirani yangu nyuma alikuwa analia kwa sauti kuliko ndugu zangu wote. Nilitembea kwa ncha za vidole njia nzima. Ilikuwa njia fupi mno. Sikujua nyumba yetu ni ndogo kiasi kile.

Alipoingia garini, wenzangu wakateremsha pembe zao na wakaanza kuikunja. Mimi nilikuwa bado nimesimama, mkono uko juu.

"Wifi, teremsha basi," wifi yangu akasema, akanigusa kiwiko kwa upole. "Bega linakuuma. Mtoto ameshaingia."

Nikamwambia bega haliniumi, anipe dakika moja.